Mnyapara Mpya wa Mtama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, siku ileile niliyopangiwa kuanza jaribio la ukame. Paa la plastiki la kitalu chetu linavuja sehemu mbili, na mkuu wa kituo ameahidi kuleta fundi. Ahadi hiyo ina umri wa kwenda shule.

Naandika shajara hii kwa sababu kazini hakuna mtu wa kuzungumza naye, na nyumbani yupo dada yangu tu, ambaye ukimweleza jambo lolote la maana anakuuliza kama umekula.

Kazi yetu ni mtama. Ndani ya kila chembe ya mtama kuna maelfu ya jeni, na nyingi zinafanya kazi za mikono: hii inatengeneza nta ya jani, ile inapitisha maji. Halafu kuna jeni ambazo hazishiki jembe kabisa. Kazi yao ni kuziamrisha nyingine, wewe amka, wewe lala. Kwenye ripoti tunaziita vipengele vya unukuzi. Mimi naziita wanyapara. Tumepewa msimu mmoja kupekua jenomu nzima ya mtama, yaani jeni zake zote, kuwatafuta wanyapara wote wa familia moja, kuwachorea mti wa ukoo, na kuona ni yupi anayeamka maji yakikata.

Tuko watatu. Yupo Profesa, ambaye hajashika mche tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na ambaye humu ndani nitamwita Mnyapara Mkuu. Yupo kijana wa kompyuta, daktari wa falsafa kama mimi, ambaye kituo kizima kinamwita Samahani, kwa kuwa hajui kuanza sentensi bila neno hilo. Na nipo mimi, ninayefanya kazi.

Msimu ukiisha kituo kitatoa ajira moja ya kudumu. Ni yangu au ni ya Samahani, na atakayekosa atafungasha vitu vyake. Sioni cha kunikosesha usingizi hapo.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kwanza, na upuuzi wa kwanza.

Hapa kituoni udongo haupandwi mpaka upikwe. Wanaujaza kwenye pipa la mvuke, wanauchemsha siku nzima, wanauacha upoe, kisha wanauchemsha tena, wakiwa na nyuso za watu wanaofanya jambo zito. Ukitoka pale hauna harufu wala wadudu, umekufa kabisa. Halafu wanapanda mtama humo na kutangaza kwamba wamejifunza kitu kuhusu shamba.

Nikawaambia safari hii sipiki. Nimechimba udongo kwenye lile shamba lililochoka nyuma ya kituo, ambako hakuna aliyepanda kitu miaka mingi, na nitautumia kama ulivyo. Ukame wa kweli unataka udongo wa kweli.

Samahani akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, Daktari, si tungeupika tu? Huwezi kujua mna nini humo."

"Mna udongo," nikamjibu.

Mnyapara Mkuu akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Udongo halisi! Hiyo naiweka kwenye slaidi." Ndivyo anavyofanya maamuzi huyu bwana, anasikiliza lipi litapendeza ukutani.

Samahani akainamisha kichwa akaandika kitu. Mtu mzima, ana shahada tatu, na bado anakaa kwenye kiti kana kwamba kiti kina mwenyewe na mwenyewe anakaribia kurudi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Dada kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 20 Machi

Miche imesimama. Upande wa kushoto inanyweshwa kila siku, upande wa kulia nimeikatia maji. Huko nje barabara imekuwa mto na watu wanavuka wamekunja suruali mpaka magotini, na mimi nimekaa chini ya paa linalovuja, nakinga ndoo ili tone lisiniharibie ukame wangu. Fundi hajaonekana.

Leo Samahani kagonga bega kwenye mlango wa kitalu, akauomba mlango radhi. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Dada anashona nyumbani. Sebule yetu ni cherehani moja, meza moja, na milima ya vitambaa vya sare za shule. Jioni amenitazama nikivua viatu vyenye matope, akatoa pini mdomoni.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Huo mtama haujakuposa bado?"

"Dada, nimechoka."

"Miaka yote hiyo mnakwenda na kurudi. Huo mtama ungekuwa mwanaume ningeshauita hapa sebuleni nikauuliza nia yake."

Akajichekea mwenyewe na kurudi kwenye cherehani. Ndiye mtu pekee ninayemjua anayefurahia utani wake kuliko wasikilizaji wake. Dunia yake inaanzia kwenye mkono wa shati na kuishia kwenye kola, na ameridhika nayo. Nilikula nikalala.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeng'oa mizizi. Kwa kuwa wasaidizi wawili wa kitalu wamepelekwa kumpamba mkuu wa kituo kwenye maonyesho, nimelazimika kufanya kazi pamoja na Samahani. Mimi nang'oa, yeye anaosha, tunasaga, tunagandisha. Anaosha mzizi kama anamwogesha mtoto mchanga.

Mimea ya upande mkavu imedumaa vizuri sana. Imekunjamana, majani yamepauka, ina sura ya mateso ya kweli. Nilisema hivyo kwa sauti, nikasema pia kwamba mtama wa udongo wa kupikwa haujawahi kuteseka namna hii.

Samahani akanyanyua mzizi mmoja kwenye mwanga. "Samahani, Daktari. Hivi vipele ni vya kawaida?"

Nikatazama. Vilikuwepo vipele vidogo vyeupe vimeshika kwenye mzizi hapa na pale. "Ni mzizi unaoishi kwenye udongo halisi," nikamwambia. "Umezoea ile mizizi yenu ya saluni."

"Lakini upande wa maji sijaviona."

"Kwa sababu upande wa maji hauna shida yoyote. Saga."

Akasaga. Ana tabia ya kumeza mate kabla ya kutii.

Jumanne, 15 Aprili

Sampuli zimesafirishwa zikasomwe jeni. Kimebaki chungu kimoja cha ziada cha upande mkavu, kina mmea mmoja uliopinda. Nikamwambia Samahani akitupe.

"Samahani, nikibaki nacho?"

"Cha nini?"

"Basi tu."

Nikamwambia akafuge. Amekiweka kwenye kona ya nyuma ya kitalu, na jioni nimemkuta anakimwagilia kwa kikombe chake cha chai. Wanaume wengine wa umri wake wana watoto.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Dada ameharibu mkono wa shati moja, akaufumua wote, akaushona upya. Nikamuuliza nani ataona kosa lile chini ya kwapa. Akasema, "Mimi nimeshaliona." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 12 Mei

Matokeo yamefika. Samahani amejifungia na kompyuta. Mnyapara Mkuu anapita mlangoni kila baada ya muda akiuliza, "Tumefika wapi?" Yeye hajatoka mahali popote, lakini anataka kujua tumefika wapi.

Jumatano, 21 Mei

Nimempata.

Nitaandika taratibu.

Wanyapara wa mtama wanajulikana. Jenomu ilishasomwa na wengine, na sisi tumewakusanya wote wa familia hii, mmoja mmoja, na kuwapanga kwenye mti wao. Hao ni wengi na wengi wao ni wavivu. Ukikata maji, watatu wanaamka kidogo, waliobaki wanageuka upande wa pili. Ni aina ya matokeo ambayo mtu anaichapisha ili aonekane yupo.

Lakini kwenye mizizi ya upande mkavu yumo mmoja ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Ana alama zote za familia. Upande wa maji hayupo kabisa, upande mkavu anawaka kama taa. Nimeangalia kila chungu kikavu, na kila mahali yumo.

Nilipomwonyesha Samahani kwenye mti, alisema, "Samahani, Daktari. Huyu hafanani na ndugu zake. Angalia alipokaa, tawi zima peke yake."

"Ndiyo maana ni mpya."

"Na kwenye jenomu hayupo. Nimemtafuta kote."

"Jenomu ile ina mashimo yasiyosomwa, kila mtu anajua. Yumo kwenye shimo mojawapo."

"Inawezekana," akasema, kwa namna ya mtu anayefikiri haiwezekani. "Nilikuwa naomba tumlinganishe na mimea yote iliyosomwa. Siyo nafaka peke yake."

"Tumlinganishe na nini? Mchicha?"

Akafungua mdomo nami nikaendelea kusema. Nilimweleza kwamba kuna watu ambao wakiokota kito barabarani watakirudisha chini wakidhani kina mwenyewe. Wivu nao una adabu zake. Huu wake umevaa miwani na unaomba radhi, lakini ni wivu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua bila mwavuli. Dada akanipa taulo na kuniuliza nacheka nini.

Ijumaa, 23 Mei

Mnyapara Mkuu amempa mnyapara wangu jina. Amempa jina lake mwenyewe, la ukoo wake, na namba moja mwishoni, kana kwamba anatarajia wengine wafuate. Amelitangaza mbele ya kituo kizima wakati wa chai, mkono mmoja mfukoni. "Jeni tuliyoigundua," akasema. Huyu bwana hajui hata chungu kikavu kilikuwa upande gani wa kitalu.

Watu wakapiga makofi. Hapa watu watapiga makofi hata ukifungua dirisha.

Nimeandika malalamiko kwa mkuu wa kituo. Yana kurasa nne na hayana kosa hata moja.

Jumanne, 27 Mei

Mvua inapungua. Fundi wa paa amekuja leo.

Jumatano, 28 Mei

Mkuu wa kituo alituita ofisini kwake sote watatu. Ofisi ina zulia, na kwenye zulia kuna duara la unyevu ambapo paa lake pia linavuja. Nadhani ndiyo maana fundi alipatikana.

Mnyapara Mkuu akaongea kwanza, juu ya uongozi na maono. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza mbele ya mkuu swali moja tu: udongo ulitoka wapi? Akapapasa miwani. Nikauliza mizizi iling'olewa siku ya ngapi baada ya kukata maji. Akasema hayo ni mambo madogomadogo.

"Basi mambo madogomadogo ndiyo ugunduzi wenyewe," nikasema. "Wazo la udongo ni langu. Niliupigania hapa nikiwa peke yangu. Mizizi niling'oa mimi, na jeni nimeiona mimi."

Mkuu akamgeukia Samahani. "Na wewe? Uchambuzi si ulifanya wewe?"

"Samahani, Mkuu, mimi nilikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu..."

"Yeye alibonyeza vitufe," nikasema. "Sisemi kwa ubaya. Kompyuta inataka mtu wa kuibonyeza. Lakini kama si mimi, angekuwa bado anaiomba radhi."

Mkuu alicheka. Mnyapara Mkuu naye alicheka, kwa kuwa anacheka pale mkuu anapocheka. Samahani akameza mate, akatazama lile duara kwenye zulia, na hakumaliza alichokuwa anasema.

Nimeshinda. Jeni itaandikwa jina langu peke yangu. Tarehe kumi Juni wageni watakuja, watu wa vituo vingine na wa mashirika ya mbegu, na atakayesimama mbele yao ni mimi. Baada ya hapo, alisema mkuu akinipa mkono, suala la ajira litakuwa halina mjadala.

Jumapili, 1 Juni

Dada ananishonea gauni la siku hiyo. Amenipima mabega mara tatu na kusema nimepungua. Rangi amechagua yeye.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefanya mazoezi ya kuzungumza mbele ya kioo. Nazungumza vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Slaidi ya mwisho ilikuwa inahitaji picha ya mmea. Mimea ya upande mkavu tuliisaga yote, na picha nilizopiga zina mkono wa Samahani kila mahali. Nikakumbuka kile chungu chake cha kufuga. Saa kumi jioni, ofisi zikianza kufungwa, nikaenda kitaluni.

Hakikuwa kwenye kona ya nyuma. Kilikuwa mbele kabisa, kwenye meza ya mlangoni, mahali ambapo huwezi kuingia bila kukiona. Mtama umepinda kama mzee mwenye mgongo. Na chini yake, ukitoka kwenye udongo uleule, kuna mmea mwingine, mwembamba, wa kijani, wenye maua madogo ya zambarau.

Sikuhitaji kuinama. Mtu yeyote anayefanya kazi ya mtama anajua ua lile. Ni kiduha. Gugu hili halijisumbui kujitafutia chakula. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, inakaa ardhini miaka na miaka ikingoja mzizi wa mtama upite karibu. Ukipita inaamka, inaukamata, inatoboa, inaanza kunyonya, na majuma mengi inakaa humohumo chini usiione. Unaloliona ni mtama kudumaa tu. Inapenda udongo uliochoka na mkavu, na ukiumwagilia maji mengi mbegu nyingi zinarudi kulala. Ukiupika udongo, zinakufa zote.

Vipele vyeupe. Nilivisaga pamoja na mizizi. Nilimwamuru mtu avisage.

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ileile niliyokuwa nakingia matone, nikafungua kompyuta magotini. Nikaichukua jeni yangu, nikailinganisha na jeni za kiduha ambazo watu walishazisoma na kuziweka wazi kwa kila mtu. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya. Zilifanana mwanzo mpaka mwisho. Mnyapara wangu mpya wa mtama ni mnyapara wa kawaida wa gugu, ana jina lake na ndugu zake, na tawi lake kwenye mti wao limejaa tele.

Niseme ukweli wa nilichofanya baada ya hapo. Nilitazama mlangoni. Hakuna mtu. Nikalishika lile gugu karibu na udongo nikaling'oa, maua na yote, nikalitia kwenye mkoba wangu na kufunga zipu. Udongo wa chungu nikaumwaga kwenye jalala nyuma ya kitalu, nikaupiga teke. Nikawaza: sampuli zimekwisha, mizizi imekwisha, msimu umekwisha. Nani atajua? Profesa hawezi kutofautisha kiduha na kitunguu. Samahani akifungua mdomo nitaongea mimi. Ajira kesho, na baada ya mwaka, nikiwa nimeshakaa, nitasema kwamba uchunguzi zaidi umeonyesha mengine.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiupanga uongo huo, na ulipangika vizuri mno.

Nilipotoka kuoga nikamkuta dada mezani. Mkoba wangu uko wazi, alikuwa anatafuta kipimo chake cha utepe nilichoazima. Mbele yake kuna glasi, ile nzuri ya wageni, na ndani ya glasi amelisimamisha lile gugu. Amelikata mzizi, amelipanga, maua yanatazama upande wangu. Amesogeza vitambaa vyote pembeni ili meza ipendeze.

"Nani kakuletea?" akauliza. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Nimelichuma kazini."

"Hakuna mtu anayechuma ua akalificha kwenye zipu, mdogo wangu. Sikuulizi jina. Nakuuliza tu kama ni mtu mzuri."

Nikajifuta nywele kwa taulo. Akalichukua hilo kuwa jibu, akatia kijiko cha sukari kwenye maji ili ua lisinyauke haraka, akarudi kwenye gauni langu. Alikuwa amegundua mshono mmoja umepinda, ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona. Akaanza kuufumua.

Nimekaa mbele ya hiyo glasi. Msimu mzima nimemcheka Profesa kwa kusimama mbele ya slaidi asizozijua. Mimi kesho nitasimama mbele ya slaidi ninazozijua vizuri. Nimewaita watu hawa kila jina. Sasa natafuta jina la kuniita mimi nikifanya hivyo, nayapata mengi, yote nimeshayatumia kwao. Siwezi kuwa mmoja wao. Sisemi hivi kwa wema. Ni kwamba nawadharau mno.

Jumanne, 10 Juni

Nilikwenda nimevaa gauni, nimebeba glasi, nimeifunika kwa mkono. Dada alinisindikiza mpaka barabarani akiniambia niende polepole nisimwage maji. Aliamini nakwenda kumwonyesha aliyeniletea ua kwamba nimelitunza.

Ukumbi ulijaa. Nikaiweka glasi juu ya meza ya msemaji, kando ya maikrofoni. Kwenye mistari ya mbele mzee mmoja wa mashirika ya mbegu aliliona ua akaanza kutabasamu, kisha akaacha.

"Huyu ndiye mnyapara wetu mpya," nikasema. "Hamjampata mahali pengine kwenye mtama kwa sababu si wa mtama. Ni wa kiduha. Nilikataa kupika udongo. Niliambiwa upikwe, nikakataa. Niliulizwa kuhusu vipele kwenye mizizi, nikavisaga. Niliombwa niilinganishe jeni na mimea mingine, nikauliza kama nilinganishe na mchicha. Jana niliona ua hili nikaling'oa ili msilione. Hiyo ndiyo taarifa yangu."

Profesa ndiye aliyenyanyuka kwanza. Kwa siku kadhaa alipigana ili jina lake likae juu ya jeni ile, na sasa alilikimbia kama mtu aliyekalia siafu. "Kama ambavyo nimekuwa nikisema tangu awali," akasema, "kazi hii ilikuwa ya Daktari peke yake."

Nilikaribia kucheka. Alikuwa anasema kweli kwa mara ya kwanza msimu huu.

Mkuu wa kituo, uso umemsawijika, akauliza kama kuna chochote cha kuwaonyesha wageni waliotoka mbali. Samahani akainua mkono. Akasema samahani, kisha akasema anazo slaidi. Alizitengeneza za aina mbili, zenye jeni ile na zisizo nayo. Zisizo nayo zilikuwa na wanyapara wote wa kweli wa mtama, mti wao safi, na wale watatu wanaoamka maji yakikata, wavivu wangu, ambao yeye aliwafuatilia mmoja mmoja na kugundua kwamba mmojawapo ndiye anayefunga matundu ya jani ili maji yasipotee. Alizungumza vibaya, akigeukia ukuta. Wageni waliandika muda wote.

Nilimsubiri nje, kwenye kibaraza. Manyunyu yalikuwa yamebaki.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua tangu siku ile ya mchicha. Niliilinganisha usiku uleule."

"Na chungu ulikisogeza mlangoni wewe."

"Ndiyo. Nilisema ukiliona ua mwenyewe utaamini. Ya kompyuta ungeniambia nimebonyeza vibaya."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

Akanitazama, safari hii bila kumeza mate. "Nilikuambia, Daktari. Kuhusu udongo, kuhusu vipele, kuhusu jenomu. Hata kwa mkuu nilianza. Ulikuwa unaongea."

 

Alhamisi, 12 Juni

Ajira amepewa Samahani.

Jumapili, 15 Juni

Nimemweleza dada yote. Alisikiliza akiwa ameacha kukanyaga cherehani, jambo ambalo halifanyi hata kwa msiba.

"Kwa hiyo hakuna mwanaume?"

"Hakuna, dada."

"Ni gugu."

"Ni gugu."

Akalitazama kwenye glasi, limeshakauka. "Ningejua nisingelitilia sukari." Kisha akaniuliza kama nimekula, na nilipoanza kulia akanyanyuka kwenda kupasha chakula moto bila kungoja jibu.

Ijumaa, 20 Juni

Samahani ameruhusiwa kuwa na msaidizi mmoja wa mkataba kwa msimu ujao. Ameniletea ujumbe kwamba anaomba niwe mimi. Nimeusoma mara kadhaa nikitafuta huruma ndani yake ili nipate sababu ya kukataa. Anasema tu kwamba hajui mtu mwingine anayejua kung'oa mizizi. Hilo ni kweli.

Jumatatu, 30 Juni

Jua kali. Mvua imekwisha, na paa la kitalu halivuji tena.

Nimepika udongo tangu asubuhi. Nimejaza pipa, nimewasha, nimekaa kando yake kwenye ndoo na jasho linanitiririka, nauangalia mvuke kama wale niliokuwa nawacheka. Mchana nikaufungua. Umekufa kabisa, hauna harufu ya kitu chochote.

Samahani akaja, akauchota kiganjani, akaupepeta. Akaanza kunieleza kwa nini upikwe mara ya pili: habari za mbegu zinazobaki katikati ya bonge, habari za joto la juu na la chini ya pipa, habari za mtu mmoja aliyewahi kuharakisha. Nilikuwa najua nusu ya hayo na nusu nyingine haikuwa na maana, na jibu lilishanifika kwenye ncha ya ulimi.

Aliongea kirefu mno. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikaujaza udongo kwenye pipa nikaupika tena.